Kisima Kikinyamaza: Jinsi ya Kuweka Ufuatiliaji Usiokatika Kitui na Makueni

Mwaka 2013 huko Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio kwa kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mpini wa pampu ya mkono. Kifaa hicho kilihisi mpini ukipanda na kushuka, kisha kikatuma hesabu kwa SMS. Pampu ilipoharibika, mafundi waliokuwa wamewekwa tayari walijua bila kungoja mwanakamati wa maji afunge safari kwenda kutoa habari. Muda wa wastani wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa huduma ya ukarabati ya FundiFix.

Somo la Kyuso ni kwamba habari ikifika mapema, maji hurudi mapema. Lakini siku mtumaji wa habari mwenyewe akizimika bila mtu kujua, tunarudi kwenye zile siku 27, na safari hii tukiwa tumetulia kwa kuamini kwamba kioo cha kompyuta kisicho na alama nyekundu kinamaanisha kila kitu ni shwari. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, kosa hilo hulipwa na mtu anayeongoza punda na mitungi ya lita 20 hadi kisima cha mbali zaidi.

Mwongozo huu ni wako wewe fundi uliyepewa kazi ya kuangalia visima, matangi na pampu za sola ukiwa ofisini Kitui mjini au Wote, katika eneo ambalo upande wa Kitui peke yake lina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mifano imetolewa kwenye Zabbix toleo la 7.0, kwa sababu ni programu ya bure na ina uwezo wa seva kupokezana zamu ndani yake yenyewe. Ukitumia programu nyingine, majina ya vigezo yatabadilika ila mpangilio utabaki uleule.

Mpangilio wenyewe ndio huu: anzia kisimani, malizia kwenye seva. Wengi huanza kwa kununua seva ya pili, na hilo si kosa pale ambapo stima na intaneti havikatiki. Huku kwetu kinachokatika kila mara ni njia, si seva. Wakala, yaani programu ndogo inayokaa kisimani, anayeweza kuhifadhi data ya siku tatu atakusaidia kuliko seva mbili za gharama kubwa zinazongoja data ambayo imekwisha kupotea.

Kwanza, ielewe maana ya kimya

Kisima kisipotuma chochote kwa saa sita, huenda mojawapo ya mambo manne limetokea. Pampu imeharibika. Au mvua imenyesha, watu wamerudi kuchota kwenye mchanga wa mto na hakuna anayehitaji pampu. Au mtandao wa simu umepotea. Au kifaa chenyewe kimezimika kwa kuishiwa na betri au bando. Kila jambo lina dawa yake: la kwanza linahitaji fundi wa pampu mwenye vyuma, la pili halihitaji mtu, la tatu linahitaji subira, la nne linahitaji fundi mwenye betri au pesa za bando.

Kwa hiyo kila kituo kitume vitu viwili tofauti. Kimoja ni kipimo cha kazi: maji yaliyopita, au umeme ulioliwa na pampu. Cha pili ni ishara ya uhai, itumwe kila baada ya dakika tano hata kama hakuna tone lililopita. Ishara ikija na maji yakawa sifuri, tazama pampu au mvua. Ishara isipokuja, tazama njia au kifaa. Bila utengano huu, hata ukiwa na seva kumi za akiba hutajua umtume nani wapi.

Hatua ya 1: Mpe wakala akiba ya siku tatu

Wakala ni programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta iliyo kisimani, tuseme Raspberry Pi ndani ya boksi lisiloingia vumbi wala mchwa. Tumia wakala wa kizazi cha pili, yaani Zabbix agent 2. Ana uwezo wa kusoma Modbus moja kwa moja, na vidhibiti vingi vya pampu za sola huzungumza lugha hiyo kupitia waya wa RS485.

Mweke katika hali ya kupiga mwenyewe, si ya kungoja kuitwa. Kwa kawaida laini za simu hazina anwani ya kudumu inayofikika kutoka nje, hivyo seva haiwezi kumtafuta wakala aliye Tseikuru. Wakala ndiye aitafute seva. Kisha mwambie ahifadhi kwenye diski kile asichoweza kutuma:

EnablePersistentBuffer=1
PersistentBufferFile=/var/lib/zabbix/akiba.db
PersistentBufferPeriod=3d

Usipoandika mistari hii, wakala huweka data kwenye kumbukumbu ya muda tu, nayo hupotea kifaa kikizimika. Hata ukiwasha akiba na kuacha muda bila kuubadilisha, atahifadhi saa moja pekee. Mtandao ukipotea Ijumaa jioni ukarudi Jumatatu, saa moja haitoshi. Ukiweka siku tatu, data yote itaingia ikiwa na muda wake halisi, na utaona kwenye grafu ni saa ngapi hasa Jumamosi pampu ilipolegea.

Hatua ya 2: Stima, jua na saa

Piga hesabu ya nguvu kabla ya kwenda dukani. Raspberry Pi na rauta ndogo ya simu kwa pamoja hula takriban wati 10. Kwa siku nzima ni wati-saa 240. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini isishuke chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Umebaki na 600, yaani siku mbili na nusu bila jua. Watu wengi hukadiria paneli kwa jua la Februari, wakasahau mawingu na baridi ya Julai na Agosti katika vilima vya Mbooni na Kitui ya kati. Kadiria kwa Julai.

Usiunganishe kifaa cha ufuatiliaji kwenye betri au saketi ileile ya pampu. Hitilafu ya pampu ikiangusha saketi, mtoa habari ataanguka pamoja nayo dakika ileile unayomhitaji.

Kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa inayoendelea kwenda zikizimwa. Ikizimika saa mbili usiku na kuwaka saa kumi na mbili asubuhi bila mtandao, itaendelea kuhesabu kana kwamba bado ni saa mbili usiku, na data yote itabandikwa muda wa uongo. Ongeza kisaa cha DS3231 chenye betri yake ndogo, kisha weka chrony ili isahihishe saa mtandao ukipatikana. Halafu, badala ya kadi ya kumbukumbu ya kawaida, tumia diski ya SSD. Kadi hizo huharibika upesi zinapokatiwa stima katikati ya kuandika.

Hatua ya 3: Laini mbili zisizokufa pamoja

Weka rauta inayopokea laini mbili za kampuni tofauti na inayohama yenyewe moja ikikatika. Lakini usiishie hapo. Kampuni mbili huweza kukodi nafasi kwenye mnara mmoja, na mnara ukikosa nguvu laini zote mbili zinazimika kwa pamoja. Hao ni walinzi wawili waliolala kibanda kimoja. Simama kisimani na simu yenye programu ya kuonyesha namba ya mnara, ujue kila laini inashika wapi. Zikishika mlima mmoja, geuza antena ya nje ya laini ya pili ielekee upande mwingine, hata kama huko mawimbi ni hafifu kidogo. Ishara ya uhai ni maneno machache tu, haihitaji kasi.

Fanya vivyo hivyo ofisini. Faiba za kampuni mbili zinazopita kwenye nguzo zilezile hukatwa na tingatinga moja. Faiba moja na laini moja ya simu ni mchanganyiko bora kuliko faiba mbili za njia moja.

Mwisho, andika kwenye kalenda ya ofisi siku bando la kila laini linapoisha, na uweke onyo siku tano kabla. Laini iliyoishiwa na bando haina tofauti na laini iliyokufa.

Hatua ya 4: Proksi mbili katikati

Proksi hukusanya data ya mawakala wa eneo na kuipeleka kwenye seva. Toleo la 7.0 limeleta vikundi vya proksi: ukiweka mbili katika kundi moja, hugawana vituo, na moja ikizimika nyingine huvichukua vyote. Muda wa kungoja kabla ya kuhamisha ni dakika moja usipoubadilisha. Mawakala nao wawe wa 7.0 au zaidi.

Kwa Kitui, mfano mzuri ni proksi moja Mwingi na nyingine Kitui mjini. Kwa Makueni, moja Wote na nyingine Kibwezi. Zitenganishe kwa mji, usiziweke chumba kimoja. Wakala aunganishwe na zote mbili kwa njia za siri za WireGuard, njia moja kwa kila proksi, ili mlango wa njia hizo nao usiwe mmoja. Kwenye faili la wakala andika:

ServerActive=10.20.1.21;10.20.2.21

Angalia alama hiyo kati ya anwani. Nukta-mkato inamaanisha hizi ni za kundi moja, tumia inayopatikana. Ukiweka mkato wa kawaida, wakala ataelewa kwamba ni mifumo miwili tofauti na atahangaika kutuma kwa yote miwili. Kosa hili la herufi moja ni rahisi kufanya na ni gumu kuliona.

Kwenye faili la proksi yenyewe:

ProxyMode=0
Server=10.20.0.10;10.20.0.11
ProxyOfflineBuffer=72
ProxyBufferMode=disk

Mstari wa tatu ni saa ambazo proksi itahifadhi data ikiwa haioni seva. Usipouandika ni saa moja tu. Mstari wa nne ni muhimu hasa huku. Faili linalokuja na usakinishaji mpya huweka hali ya mchanganyiko, ambayo hutunza data kwenye kumbukumbu ya muda kwa ajili ya kasi. Stima zikikatika ghafla, data ambayo haijatumwa huweza kupotea. Visima vikiwa arobaini hivi, havihitaji kasi hiyo, kwa hiyo chagua diski.

Hatua ya 5: Seva mbili, na hifadhidata yenye nakala

Sasa ndipo seva zinapoingia. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2022, Zabbix inaruhusu seva kadhaa kutazama hifadhidata moja: moja iko zamu, nyingine ziko akiba. Kwenye kila seva weka jina na anwani yake:

HANodeName=kitui-a
NodeAddress=10.20.0.10:10051

Seva ya pili iitwe kitui-b na iwe na anwani yake. Kwenye faili la ukurasa wa kutazamia, zabbix.conf.php, ondoa mistari inayotaja anwani na mlango wa seva, ili ukurasa uitafute wenyewe seva iliyo zamu. Kisha hakikisha kwa amri hii:

zabbix_server -R ha_status

Seva iliyo zamu ikizimwa kwa utaratibu, ya akiba hushika zamu ndani ya sekunde chache. Ikifa ghafla, ya akiba hungoja dakika moja. Kama mawasiliano kati ya seva zako na hifadhidata hukatika na kurudi mara kwa mara, ongeza muda huo ufike dakika tano:

zabbix_server -R ha_set_failover_delay=5m

Hakuna hasara, kwa sababu mawakala na proksi wana akiba ya siku tatu. Kuhama ovyo kila mtandao unapokohoa ni tabu kubwa kuliko kuchelewa dakika nne.

Lakini tazama vizuri: seva zote mbili zinategemea hifadhidata moja. Hiyo ikifa, zote zimekufa. Weka PostgreSQL yenye nakala inayofuata kila badiliko, kwenye jengo lingine lenye stima tofauti. Hapo utakutana na swali la nani aamue kwamba ile kuu imekufa. Ukiziachia mbili ziamuane zenyewe, siku waya kati yao ukikatika kila moja itadhani mwenzake amekufa, zote zitajitangaza kuu, na utakuwa na historia mbili zinazopingana. Dawa ya kitaalamu ni kuwa na wapiga kura watatu, wa tatu akiwa mahali pa tatu, kwa programu kama Patroni.

Kama timu yenu ni ya watu wawili au watatu, nashauri uamuzi huu ubaki mikononi mwa mtu. Nakala ipandishwe cheo kwa amri ya SELECT pg_promote();, kisha DBHost ibadilishwe kwenye seva zote mbili na ukurasa wa kutazamia uelekezwe huko. Kabla ya yote hayo, hifadhidata ya zamani izimwe kabisa, na isiwashwe tena mpaka ijengwe upya kuwa nakala ya hii mpya. Andika hatua hizi kwenye karatasi moja na uibandike ukutani. Saa mbili za kazi ya mikono hazipotezi kitu ikiwa proksi zimeshika data ya saa 72.

Kuhusu kuweka kila kitu kwenye seva za kukodi ng'ambo: kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja na intaneti kusuasua Afrika Mashariki nzima. Nakala moja ng'ambo ni akiba nzuri. Zote mbili ng'ambo ni kuweka maji ya Mutomo chini ya bahari.

Hatua ya 6: Kengele inayomfikia mtu

Weka onyo la kutopokea ishara ya uhai kwa nusu saa:

nodata(/Kisima-01/agent.ping,30m)=1

Fahamu kwamba kipimo hiki humvumilia wakala ikiwa proksi yake ndiyo iliyochelewa. Kwa hiyo proksi nayo iwekewe onyo lake. Kisha funga maonyo ya visima yategemee la proksi. Proksi zote zikipotea, fundi apate SMS moja inayosema ukweli, asipate arobaini zinazomfanya azime simu.

Usitegemee barua pepe pekee. Intaneti ya ofisi ikikatika, barua ya kusema hivyo haitoki. Chomeka modemu ya GSM yenye laini yake kwenye seva, itume SMS moja kwa moja. Na kwa kuwa seva ni mbili, modemu nazo ziwe mbili, zenye jina lilelile la kifaa kwenye kila seva. Modemu iliyo kwenye seva iliyokufa haimwiti mtu.

Halafu jiulize nani anamwangalia mwangalizi. Tafuta kompyuta ndogo iliyo nje kabisa ya mfumo wako, Nairobi kwa mfano. Seva iliyo zamu iitumie salamu kila dakika tano. Salamu tatu zikikosekana, kompyuta hiyo itume SMS kwa njia yake yenyewe. Namba za kupokea ziwe mbili, za watu wanaolala nyumba tofauti, na mmoja wao awe na ruhusa ya kuamua bila kumpigia mkubwa.

Hatua ya 7: Izime kwa mkono wako

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima. Katika uwanja wa ndege wa JKIA abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta la akiba la sehemu moja halikuwaka. Kifaa kilikuwepo, kilichokosekana ni kuwaka saa ya haja. Akiba ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Jaribu mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla mvua na radi za kila msimu hazijaanza. Kujaribu ufuatiliaji hakusimamishi pampu, kwa hiyo kiangazi si kisingizio. Fanya hivi, ukiandika saa ya kila tukio:

1. Toa laini ya kwanza kwenye rauta ya kisima kimoja. Ishara ya uhai ipite kwenye laini ya pili kabla ya nusu saa kwisha.
2. Toa laini zote mbili kwa saa nne, katikati ya muda huo uzime Raspberry Pi na kuiwasha tena. Ukirudisha laini, data iliyokusanywa kabla ya kuzima iingie bila pengo, na muda uwe sahihi.
3. Zima proksi ya Mwingi. Visima vyake vyote vihamie Kitui mjini.
4. Chomoa waya wa stima wa seva iliyo zamu. Usiizime kwa amri, ichomoe. Angalia ha_status kwenye ya pili na uhesabu dakika.
5. Tenganisha ofisi nzima na intaneti. SMS ya modemu na ile ya kutoka Nairobi zote zifike.
6. Mpe kazi ya kupandisha hifadhidata mwenzako ambaye hajawahi kuifanya, akiwa na ile karatasi ya ukutani pekee. Pale anapokwama ndipo karatasi inapohitaji kurekebishwa.

Jaribio lolote lililoshindwa lipewe mtu na tarehe, kisha lirudiwe.

Kama pesa hazitoshi

Nunua kwa mpangilio huu. Akiba ya diski ya wakala na ya proksi ni mistari michache kwenye faili na haina gharama. Ifanye wiki hii. Kisaa cha DS3231 na ishara ya uhai vifuate. Kisha laini ya pili, ukianza na visima ambavyo kisima jirani kiko mbali zaidi, maana huko ndiko kimya kinakoumiza watu wengi. Baada ya hapo salamu ya nje na modemu. Proksi ya pili, seva ya pili na nakala ya hifadhidata zije mwisho, mwaka mpya wa fedha ukianza Julai. Ukienda kuomba pesa hizo, beba daftari la majaribio: linaonyesha kwa saa na tarehe ni sehemu gani bado inasimama kwa mguu mmoja.